Tupeane uzoefu: mliosoma muziki na maigizo kwenye vituo vyetu vya sanaa Zanzibar, nyumbani mlipokelewaje?

Shangazi wa Kikwajuni
Asalaam aleikum wapenzi. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 11, ameshikilia kwamba anataka kusoma fidla. Ilianza Forodhani, walipokuja kupiga wanafunzi wa kituo kimoja cha sanaa. Alisimama mbele ya mpiga fidla mpaka urojo ukampoa mkononi. Tangu siku ile hana jengine. Juzi tumekaa kikao cha ukoo: kaka yangu yu tayari kulipa, mkewe analia, bibi yake anasema ngoma ni uhuni, na ami yake wa Fuoni anauliza huyu ataolewa na nani. Mie nimemtetea, lakini sikuwa na la kushika. Sikusoma muziki, nimekulia tu dirishani nikisikiliza mazoezi ya taarab usiku. Nataka kusikia kwa waliopita humo. Mlifundishwa nini hasa? Kipi kilikuwa kizito kuliko vyote? Msinifiche, nitawasomea nyumbani kama mtakavyoandika.

Mama Watatu
Waaleikum salaam bibie. Umenipeleka mbali. Kwetu neno lilikuwa hilo hilo, uhuni. Nasubiri wenzangu waanze.

Fidla ya Malindi
Mimi sikusoma kituoni, nilisoma klabuni, kwa hiyo nitasema kwa upande wangu. Zama zetu ukitaka kujifunza lazima uwe na mtu ndani. Ami, mjomba, jirani. Unaanza kwa kubeba sanduku la kodiani na kupanga viti, unakaa pembeni, unasikiliza. Siku mzee mmoja akichoka anakwambia, hebu shika. Ndivyo ilivyokuwa tangu Seyyid Barghash alipompeleka Mohammed Ibrahim Misri kwenda kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa magotini, na tangu klabu ya taarab ya Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905. Mkono kwa mkono. Ukikosa mjomba ndani ya klabu, basi umekosa.

DCMA, kile chuo cha muziki cha mjini Unguja, ilipofungua mlango mwaka 2002, nilikuwa miongoni mwa waliosema muziki hausomwi kama jiografia. Lakini nimeona mtoto wa muuza samaki, hana jamaa hata mmoja aliyewahi kushika ala, ameingia pale na sasa anapiga kanuni ya kukufanya uache chakula. Hilo klabu zetu hazikuliweza. Na wasichana pia. Kwetu wasichana walikuja kuimba na kuitikia, kuwapa ala hatukuwapa. Siti binti Saad alitoka Fumba, akarekodi Bombay mwaka 1928, dunia ikamjua, na bado baada yake watu wakaendelea kusema mwanamke kazi yake sauti tu.

Shaka yangu moja iko palepale: nota. Mtoto anayesoma kwenye karatasi hasikii. Anapiga sauti ya sika kama kinanda cha hotelini.

Kijana wa Jang'ombe
Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima yako yote sikubali. Mimi ni mtoto wa nota. Mwalimu aliyenifundisha kanuni alikuwa na bashraf kichwani, zile tungo za ala tupu zisizoimbwa, ambazo hakuna mwengine aliyezijua mjini. Tulizowahi kuziandika tunazo. Ambazo hatukuwahi zimeondoka naye, Mungu amrehemu. Ungekaa naye wewe ungezipata kwa sikio, lakini wewe hukukaa naye, na wala mimi sikuzaliwa wakati ule.

Hiyo sauti ya sika unayoisema, ile inayokaa katikati, isiyopatikana kwenye kinanda, ina alama yake kwenye nota na tunaiandika kila siku. Fidla na udi havina vizuizi shingoni, kidole kinaitafuta chenyewe. Kwenye kanuni kuna vile vikono vidogo vya chuma chini ya nyuzi, unavipindua kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaendelea. Nilifundishwa hayo kituoni, na sauti ile ile ya sika ikatoka.

Fidla ya Malindi
Kuiandika nimekubali. Kuisikia je? Mwanangu, sika ya Kairo na sika ya hapa kwetu si moja, na karatasi yako inaziandika sawa.

Kijana wa Jang'ombe
Ndiyo maana kuna mwalimu darasani, mzee.

Jukwaani Daima
Mbishane baadae jamani, dada kauliza habari za nyumbani.

Mie nilikuwa upande wa maigizo. Watu wakisikia maigizo wanafikiri ni kuchekesha. Miezi mingi hatukugusa hata mchezo. Tulifundishwa kusimama, kutembea, kupumua kwa tumbo, kutupa sauti ifike ukuta wa pili bila kupiga kelele. Ukiigiza Ngome Kongwe hakuna paa la kukusaidia, sauti inaondoka na upepo. Na kuna adhana, misikiti imezunguka kila upande. Mwalimu wetu alitufundisha ikianza adhana kila mtu anaganda pale pale alipo, mkono ukiwa juu unabaki juu, mpaka muadhini amalize, halafu tunaendelea na sentensi ile ile kutoka neno lile lile. Watalii walidhani ni sehemu ya mchezo. Wenyeji walijua, na wazee waliokuwa nyuma walikuwa wakitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama yangu alikuja mara ya kwanza akaona hilo, na tangu hapo hakunipinga tena. Alisema watoto hawa wanafunzwa adabu.

Ushauri wangu: mama wa mtoto aalikwe darasani. Asihadithiwe, akaone.

Mama Watatu
Akaone. Nakuunga mkono.

Abuu wa Fuoni
Darasani sawa. Usiku arusini je? Mtoto wa kike anarudi saa saba za usiku, nani anamrudisha? Tusipambane na wazee kwa maneno matamu.

Binti wa Udi
Shangazi, nilisoma swali lako nikalifunga, nikalifungua tena. Naandika kwa sababu huyo mtoto ana miaka 11, na mimi nilianza na 12.

Nilisoma udi. Nyumbani aliyejua ni mama peke yake. Baba akiuliza, mama anajibu yuko masomoni, na kweli nilikuwa masomoni. Mwalimu wangu alikuwa mzee mkimya sana. Hakusema hapana hata siku moja. Ukikosea anaweka kalamu juu ya kifundo cha mkono wako wa kulia, na kalamu ikianguka ujue mkono wako umekaza. Risha ya udi, kile kipande cha kupigia nyuzi, inataka mkono uliolegea. Nilikaa na kalamu ile mpaka nikawa naweza kupiga wimbo mzima isianguke. Udi haukuwa wangu, ulikuwa wa kituo. Vilikuwepo vichache na wanafunzi wengi, tunapokezana, na aliyekuwa na onesho karibu ndiye aliyeruhusiwa kuuchukua nyumbani.

Ikaja siku ya onesho la kufunga mwaka. Nikaomba nikae nyuma, upande wa kodiani, nisionekane. Mwalimu akaniweka mbele, kwa sababu wimbo ulifunguliwa kwa taqsim ya udi na taqsim ile ilikuwa yangu. Kwa msiojua, taqsim unakuwa peke yako, hakuna ngoma ya dumbak, hakuna wa kujificha nyuma yake, unatembea ndani ya maqam, yaani ngazi ya sauti za wimbo, mpaka uwafikishe wenzio pale wanapoingia.

Nimeanza, nimeshapata utulivu, nikainua macho. Ami yangu mkubwa kasimama mlangoni. Hakuja kusikiliza. Biashara yake ni kukodisha viti, na viti vile vyote walivyokalia watu vilikuwa vyake, kaja kuhesabu. Tukatazamana. Ukali wa macho yale naujua mpaka leo. Mkono ukakaza, nikajua ingekuwepo kalamu ingekwishaanguka, na hapo hapo uzi mwembamba ukakatika, ule wa juu kabisa, ukanipiga kidoleni. Mwalimu alikuwa kakaa pembeni na fidla yake. Hakunitazama, hakuniokoa, hakuingia. Alingoja. Nikaiteremsha taqsim yote chini, kwenye nyuzi nene zilizobaki, nikaimalizia huko. Wenzangu wakaingia. Nilipoinua macho tena ami hayupo.

Nilipofika nyumbani baba kakaa ukumbini, ami kakaa pembeni yake, mama kasimama. Baba hakupiga kelele. Aliuliza, masomo haya yana cheti? Nikamwambia yana. Akasema lete udi. Akautia kabatini, akafunga, ufunguo akautia mfukoni.

Mambo yakaja pamoja. Kulikuwa na watu wameshaleta barua ya posa, wakatuma mtu kusema wameghairi. Hawakusema sababu na hatukuwauliza. Baba na mimi tukawa tunasalimiana tu. Kituoni mwenzangu mmoja mtihani wake umekaribia na udi wa kuufanyia umo ndani ya kabati la baba.

Akaja mwalimu. Peke yake, baada ya laasiri, na kofia yake na kanzu. Akakaa barazani. Baba akamtolea kahawa, wakazungumza habari za bei ya karafuu, za mvua, za watu waliokufa mtaani. Magharibi ikaadhiniwa wakaenda msikitini pamoja. Udi haukutajwa. Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Sijui zilikuwa siku ngapi, mama alikuwa ananihesabia vikombe. Kisha jioni moja baba akaingia ndani, akafungua kabati, akautoa udi umefungwa kwenye shuka safi, akampa. Na hapo ndipo mwalimu aliposema neno moja tu kuhusu mimi: "Uzi alioukata nimeshaununua."

Nilirudi darasani baada ya Idi. Sasa mimi ndiye ninayefundisha watoto wadogo siku za Jumamosi. Baba hajawahi kuja kunisikiliza. Ninapofanya mazoezi chumbani redio yake haipunguzi wala haizidishi. Nimeolewa, ikiwa ami wa Fuoni anataka kujua, na mume wangu ndiye anayenibebea udi.

Mama Watatu
Wallahi nimelia ofisini.

Jukwaani Daima
Siku mwalimu huyo atakapotajwa kwa jina nitakwenda kumbusu mkono.

Binti wa Udi
Simtaji, wala kituo. Yu hai na hapendi kusemwa.

Abuu wa Fuoni
Kisa kizuri. Lakini na mimi niseme lililo wazi: wale waliorudisha posa walikuwa na haki yao. Mtu ana haki ya kuchagua nyumba atakayoingia. Na mama kumficha baba jambo ndani ya nyumba yake, hilo mnalisifia?

Kijana wa Jang'ombe
Nani kalisifia? Mtu kahadithia maisha yake wewe unatoa hukumu.

Abuu wa Fuoni
Nimesema haki, sijatukana mtu.

Mama Watatu
Haki ya kughairi wanayo. Na sisi tuna haki ya kusema wamekosa mke.

Maalim wa Mkunazini
Tulizeni. Abuu hajasema vibaya, na binti hajafanya uovu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala tangu zamani, na bibi wa mtoto anayo hoja yake, asibezwe. Lakini tusijifanye hatujui tulivyolelewa. Mtoto gani wa Unguja hakupita kwenye maulidi? Anajifunza kushika pumzi, kuitikia kwa wakati, kupiga dufu bila kumkimbia mwenzake. Waliowahi kuona maulidi ya homu, safu nzima ya watu inainama na kuinuka kama mtu mmoja, wanajua hiyo ni sanaa ya kufundishwa na ina walimu wake. Shangazi, mwambie bibi kwamba mtoto hataki kitu kigeni. Kisha wekeni masharti: sala, skuli, chuo cha Kurani, na muziki ukija wa nne usiwe wa kwanza. Ramadhani ala zinafunikwa, hilo kituo chochote chenye akili kinalijua.

Fidla ya Malindi
Maalim umesema.

Mpemba wa Chake
Nimesoma yote. Hadithi ya udi imenigusa, lakini nina donge langu na nitalitoa. Kila anayeandika hapa anasema Forodhani, Malindi, Ngome Kongwe. Sisi huku je? Mdogo wangu alitaka kusoma ngoma na maigizo, ilibidi avuke bahari, apange chumba mjini Unguja, mama hajalala tangu siku aliyopanda boti. Hasa baada ya msiba ule wa meli iliyozama Septemba 2011 pale mkondo wa Nungwi, kumwambia mzazi wa Pemba kwamba mwanawe anavuka kila likizo kwa ajili ya kupiga ngoma, ujue unaomba kitu kizito.

Na tunachovuka kwenda kufundishwa, kingine kiko kwetu. Ngoma ya msewe ni ya Pemba, wanaume na majani yao miguuni yanalia kila wakikanyaga. Kibati ni cha Pemba, maneno yanakimbia juu ya ngoma mpaka asiye na akili ya haraka anaachwa njiani. Wanaokijua kibati sawasawa nyumbani kwetu ni wazee. Mdogo wangu alikwenda mjini, akaambiwa darasani acheze msewe, na yeye ndiye aliyewasahihisha wenzake namna ya kukanyaga. Nataka wazee wale walipwe, wafundishe hapa hapa Chake, Wete, Micheweni. Mwalimu avuke, mtoto abaki.

Kijana wa Jang'ombe
Kaka hapo sina la kubisha.

Fidla ya Malindi
Kweli tupu. Nilikwenda kupiga arusi Wete, nikasikia kibati usiku kucha, sikuelewa nusu ya maneno na sikuthubutu kuingiza fidla.

Mpemba wa Chake
Ulifanya vyema mzee wangu.

Fundi Vinanda
Nimeona uzi umekatika nikasema hapa pangu. Mie natengeneza ala. Shangazi, wakikwambia mtoto asome, hawakwambii habari ya hewa ya bahari. Mji Mkongwe unyevunyevu wake unaachanisha gundi ya udi, unakunja mbao, na ile ngozi iliyo chini ya farasi wa kanuni, kile kibao kinachoinua nyuzi, inalegea masika hata ukitune asubuhi jioni umeshuka. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa sauti moja. Hebu zitune zote, kisha inyeshe mvua. Nyuzi nzuri hazipatikani dukani Darajani, mpaka mtu aje kutoka Misri, Uturuki au Dubai. Kwa hiyo mtoto aanze na fidla, nyuzi nne, kapata bahati.

Na ala isiwekwe dirishani, isiwekwe juu ya friji, na ndani ya sanduku tieni kifuko cha mchele unywe unyevu.

Jukwaani Daima
Mchele unaleta wadudu, fundi. Fidla ya rafiki yangu ilitoka na wadudu mpaka wakaingia kwenye upinde.

Fundi Vinanda
Mchele unabadilishwa kila wiki, haukai mpaka Idi.

Mama Watatu
Na ule uliobadilishwa unapikwa?

Fundi Vinanda
Kuku wapo.

Kijana wa Jang'ombe
Naomba nirudi kwenye swali la dada, kipi kizito kuliko vyote. Kwangu haikuwa nyumbani. Ilikuwa siku tulipofika kituoni tukakuta walimu wamekaa nje. Mfadhili kamaliza mkataba wake, mishahara haijatoka miezi, na wao waliendelea kufundisha kimya kimya bila kutwambia wanafunzi. Siku ile mmoja alikosa nauli ya kuja. Ada tulizokuwa tunalipa hazikutosha hata umeme, na zikipandishwa ndio yule mtoto wa muuza samaki aliyemtaja mzee anabaki nje. Tukafanya maonesho, tukauza tiketi, tukapiga hotelini Paje na Nungwi, na nusu ya malipo tukaweka kwenye chungu cha walimu. Hotelini unapiga mpaka usiku na mgeni hataki bashraf, anataka wimbo ule ule wa kumkaribisha. Nikaupiga, tukawalipa walimu.

Shangazi, waambie wazee wa familia: wakimpeleka mtoto, walipe ada kwa wakati. Na siku za onesho waje, wakate tiketi, wasitafute za bure. Tunasifia taarab kwenye kila hotuba, halafu aliyeibeba mgongoni anatembea kwa miguu kutoka Amani.

Binti wa Udi
Ameen. Mwalimu wangu alinunua uzi ule kwa pesa yake, na alikuwa ndani ya miezi hiyo.

Abuu wa Fuoni
Hilo la mishahara silijui. Nitatoa changu, mniambie pa kupeleka. Suala la kurudi usiku bado nalisimamia.

Binti wa Udi
Na uko sahihi kaka Abuu. Madarasa ya watoto ni baada ya skuli, yanakwisha kabla ya magharibi. Wakiwa na onesho la usiku mzazi anakuja naye na anarudi naye. Mie Jumamosi sifungi mlango mpaka wa mwisho kachukuliwa.

Fidla ya Malindi
Asianze na fidla kwanza. Aanze na dumbak, mkono ujue pigo. Asiyejua wahda, lile pigo la taarab, hana cha kuweka juu yake.

Kijana wa Jang'ombe
Aanze na anachokipenda, mzee. Mtoto kasimama mbele ya fidla, wewe unampa dumbak?

Maalim wa Mkunazini
Aanze na sauti. Ndio ala aliyoumbwa nayo.

Mpemba wa Chake
Aanze, basi.

Shangazi wa Kikwajuni
Nimewasomea. Nilipofika pale mwalimu alipokaa barazani, bibi wa mtoto aliniambia simama, rudia hapo. Nikarudia. Wifi yangu kauliza jambo moja, mwalimu wa kike yupo? Nikamwambia yupo, Jumamosi, na mlango haufungi mpaka wa mwisho kachukuliwa. Kakubali kwenda kuangalia darasa, kuangalia tu, na bibi kasema na yeye atakuwemo. Ami bado kanuna. Sasa fidla ya kujifunzia tunapata wapi? Dukani nimeambiwa bei nikatoka.

Fundi Vinanda
Usinunue. Ninayo ya robo tatu, ndiyo kipimo cha umri wake, nimeigundi upya. Upinde wake nywele zimekwisha, nitautia nyengine wiki hii. Njooni Mwembetanga Alhamisi baada ya laasiri, mje na mtoto nipime mkono wake. Ada ya kuazima hakuna. Akikua airudishe apewe mwengine.

Shangazi wa Kikwajuni
Alhamisi tutakuwa hapo. Na mchele nije nao?

Jukwaani Daima
Usije nao!